Siku Komanda Alipowaona Ng'ombe Walikale

Nyinyi vijana mnaojifunza kurusha ndege, mliokuja nyumbani kwangu juzi mkanikuta nimelala kwenye kiti mchana kweupe, mkadhani sisikii mnavyocheka: nilisikia. Nilikuwa nimelala kwa sababu sasa ninaruhusiwa. Miaka yote niliyoruka kati ya Goma na Walikale nilitamani usingizi wa namna ile, na wengi niliofanya nao kazi waliutamani mpaka wakaupata wakiwa hewani. Mliniomba niwaandikie mambo ya kazi. Nawaandikia, lakini msitegemee nianze na siku ya kwanza nimalize na ya mwisho, kwa sababu kichwa changu hakijapangwa hivyo. Nitaanza na ardhi.

Ardhi yetu ina vituko. Ukitoka Goma kwenda magharibi, milima ya Masisi inapanda kukufuata. Unamwona mtu analima maharage, naye anakuona, na mkitaka mnaweza kusalimiana. Ukishavuka kilele cha mwisho, milima inakatika, msitu wa Walikale unashuka na kuendelea kushuka mpaka unajiuliza kama kweli utaufikia. Sasa, mna ile saa inayoitwa altimeta. Altimeta haijui maharage wala msitu. Inakuambia uko juu kiasi gani kutoka usawa wa bahari, na bahari yenyewe hakuna hata mmoja wetu aliyeiona. Namba ileile inayokuacha salama juu ya miti ya Walikale, kule Masisi inakuingiza jikoni kwa mtu. Tena sindano yake inategemea uzito wa hewa wa siku hiyo, ambao mtu wa chini anatakiwa akuambie kwa redio. Kule tulikokuwa tunatua, mtu wa chini alikuwa Mama Furaha, na Mama Furaha alikuwa muuza ndizi.

Msicheke kwanza. Kiwanja chetu kilikuwa barabara. Nasema barabara kuu yenyewe, ile ya malori, kwenye kipande kimoja cha lami kilichonyooka. Ndege ikisikika, Mama Furaha alipuliza filimbi na kukaza kamba kutoka mti wa huku hadi mti wa kule, na mume wake alifanya hivyohivyo upande wa pili. Malori yalisimama, pikipiki zilisimama, sisi tulitua, tulishusha bia na maharage, tulipakia mizigo ya kurudi nayo, tukaondoka, kamba ikalegezwa. Alikuwa hodari kwa kazi hiyo. Kitu kimoja tu kilimshinda, nacho ni mbuzi. Lami ikipigwa na jua hushika joto, na mbuzi hupenda kulala penye joto. Akiwafukuza waliondoka kwa adabu, akigeuza mgongo walirudi.

Aliyenifundisha kazi alikuwa mtu wa Burungu, kule Masisi, mfugaji kabla ya kuwa rubani na mfugaji baada ya kuwa rubani. Jina lake sitaliandika, na mbele mtaona kwa nini. Kila mtu alimwita Komanda. Mimi, msaidizi wake wa kiti cha kulia, aliniita Kopi, na jina hilo limeniganda mpaka leo, hata kanisani.

Komanda hakuiamini altimeta. Alisema saa isiyojua Burungu iko wapi haiwezi kumfundisha kitu. Yeye alipima kwa ng'ombe. Alinifundisha hivi, nami nilikariri: ng'ombe akiwa mdogo kama punje ya haragwe, bado uko juu, endelea kushuka. Ukiona ana miguu, anza kupunguza mwendo. Ukiona pembe, fungua mabawa ya kutulia yote. Ukiona mkia unafukuza nzi, kata injini, umefika. Na ukiona jicho, omba msamaha kwa mwenye ng'ombe.

Nawaambia kweli, njia hiyo ilifanya kazi. Juu ya malisho ya Masisi sijapata kuona mtu aliyejua urefu wake kutoka chini kama Komanda. Shida ilikuwa Walikale. Msituni hakuna ng'ombe. Kule alilazimika kugeuza hesabu kichwani, apime kwa paa za nyumba, au kwa nguo zilizoanikwa, au kwa mbuzi. Kugeuza hesabu kunataka kichwa kilicholala vizuri.

Hapo ndipo nataka mnisikilize, kwa sababu mnapenda kuniambia kwamba nyinyi hamchoki, mna kahawa. Uchovu wa rubani hauji na miayo. Miayo ni ya mwanzo, miayo ni rafiki yako. Uchovu wenyewe unakuja umevaa suti, umetulia, unajiamini, unakuambia kila kitu kiko sawa. Nimemwona rubani mzima akiwakaribisha abiria kwa sauti nzuri, akiwatakia safari njema, wakati abiria walishateremka na wanatafuta mizigo yao. Mimi mwenyewe nimewahi kutafuna pamba ya masikio nikidhani ni mkate, na nilichokasirikia ni kwamba haina chumvi. Komanda aliwahi kujibu redio akasema, "Nitakupigia, niko mu réunion." Mkutano hakuna; tulikuwa juu ya mawingu, wawili tu. Mtu aliyefika hapo hawezi kujijua. Mwingine ndiye anayemjua, na huyo mwingine lazima aseme.

Sasa fikirini mtu huyo ambaye lazima aseme, awe ni mimi, na yule wa kuambiwa awe baba mkwe wangu.

Komanda alikuwa na binti, Noella. Alikuwa akileta chakula uwanjani Goma, maharage na viazi na jibini ya kwao, na kwa muda mrefu nilidhani napenda jibini. Nilimpenda Noella. Naliandika wazi ijapokuwa nasikia aibu, kwa kuwa ndiye atakayeisoma karatasi hii kwanza kuliko nyinyi na kusahihisha. Familia zikaanza kuzungumza, na tangu siku hiyo Komanda akawa mkwe, nami nikaingia kwenye adabu zote za mkwe. Kwetu mkwe hatajwi jina. Humwangalii usoni. Hugusani naye, hata bega. Huli mbele yake. Na la maana kuliko yote, humwambii neno la kumrudi moja kwa moja. Unapitishia kwa mtu wa tatu, naye anamfikishia kwa upole.

Mnakijua chumba cha rubani cha ndege ndogo. Kukaa humo bila kugusana bega na jirani yako, labda mmoja akae bawani. Shangazi yake Noella alisikia jinsi tunavyokaa akashika kichwa. Alituletea kitenge kizuri cha rangi ya zambarau, akaamuru kitundikwe kati ya viti viwili. Tuliruka nacho. Upande wangu niliona nusu ya saa za ndege, upande wake aliona nusu nyingine, na manete za injini, vile vishikio vya kuongeza na kupunguza nguvu, zilikuwa katikati, zinatokeza chini ya pindo kama miguu ya mtu aliyejificha. Patroni wetu, mwenye kampuni, ndiye aliyekiondoa siku alipokuja kukagua ndege. Alikitazama muda mrefu, akauliza nani anaoga humu.

Kitenge kikaondoka, lakini adabu ya kusema ikabaki. Na mtu wa tatu tutampata wapi angani? Nilitumia abiria, kama wapo. Kama hawapo, nilitumia mzigo. Nilikuwa nageuka nyuma nasema, "Mfuko wa maharage, umwambie Papa kwamba mafuta ya kushoto yanapungua." Komanda alisubiri kidogo, kama vile mfuko unazungumza, halafu anajibu, "Mfuko, umuambie ule kijana nimesikia." Tuliendesha ndege hivyo miezi mingi. Siwezi kuwaambia kwamba tuliona ni jambo la ajabu. Tuliona ni malezi mema.

Kilichokuwa kimekwama ni mahari. Kwetu Walikale, watu wa msitu, tunaoa kwa mbuzi. Kwao Burungu wanataka ng'ombe. Mjomba wangu Biriko, msemaji wetu, alisema ng'ombe akiletwa msituni atakufa kwa upweke, na kwamba mbuzi ni mnyama kamili. Komanda alijibu neno moja, na hakulegea: "Mutoto yangu hataolewa na mbuzi." Kikao cha mwisho kikapangwa kufanyika Kashebere, mpakani, nusu njia kati ya kwao na kwetu. Noella aliniambia, "Kama kile kikao kinavunjika, Papa hatafungua ingine. Ujichunge. Usimukwaze hata kidogo." Nikaapa.

Wiki ile ng'ombe wake mmoja, aliyempenda kuliko wote, alikuwa anapata shida ya kuzaa. Komanda alikuwa anamaliza kazi Goma, anapanda gari mpaka Burungu, anakesha zizini, na asubuhi yuko tena kwenye ndege. Na mvua ilikuwa imepumzika, kwa hiyo Patroni alitaka rotasio juu ya rotasio, kwenda na kurudi, kwenda na kurudi, kabla mawingu hayajafunga. Ndama alizaliwa salama. Komanda alikuja kazini na macho mekundu na furaha tele, akanionyesha picha kwenye simu. Yaani alimwonyesha mfuko, nami nikachungulia.

Mchana wa siku hiyo tulikuwa tunashuka Walikale. Nyuma yetu, juu ya katoni za bia, alikaa abiria mmoja tu, mchungaji wa kanisa aliyekuwa anaenda kuhubiri. Tangu Goma nilikuwa namtumia yeye kufikisha maneno, naye aliifurahia kazi hiyo sana. Kila neno langu alilianza kwa kumsifu Bwana.

Tukavuka kilele cha mwisho cha Masisi, tukaingia juu ya msitu. Niliiona barabara mbele, kamba imekazwa, malori yamesimama. Na katikati ya lami nikaona vitu vidogo vimelala, vyeusi na vyeupe. Mbuzi, kama kawaida. Mama Furaha alikuwa amegeuza mgongo.

Komanda akatabasamu. Akasema, bila kumwambia mtu, "Aa, ngombe."

Nikadhani anatania. Halafu akavuta manete nyuma, pua ya ndege ikashuka.

Hebu tengenezeni picha hiyo taratibu, kwa sababu mnaweza kuikuta siku moja kwa namna nyingine. Mbuzi akikaribia anaonekana na ukubwa fulani. Ng'ombe anaonekana na ukubwa uleule akiwa mbali zaidi. Mtu aliyekesha na ng'ombe siku kadhaa, akiona mnyama kwenye lami, kichwa chake kinamletea ng'ombe. Na kama ni ng'ombe, na ni mdogo vile, basi bado tuko juu sana, tushuke. Tulikuwa hatuko juu. Tulikuwa tayari tuko chini ya namba tuliyokubaliana kuvuka nayo mstari wa mwisho wa miti, na sindano ya altimeta ilikuwa inasema hivyo mbele ya macho yake. Lakini nani anaangalia sindano wakati anaangalia ng'ombe?

Nikageuka nyuma. Mnisamehe, ndivyo nilivyofanya. Nikasema, "Pasta, umwambie Papa tuko chini."

Pasta akakohoa, akasogea mbele. "Bwana asifiwe, Papa Komanda."

"Amina," akasema Komanda.

"Tunashukuru Mungu kwa safari. Huyu kijana wetu, kwa heshima yote, anapenda kukujulisha ya kwamba..."

"Pasta, umuambie hapana. Angalia ngombe. Iko bado kadogo. Tuko juu."

"Anasema tuko juu," Pasta akaniambia.

"Mwambie ni chini sana."

"Bwana asifiwe," akaanza tena Pasta.

Miti ilikuwa imeanza kuwa na majani. Kutoka juu msitu ni kitu kimoja, ni blanketi. Ukianza kuona jani moja moja, blanketi limeisha. Niliona jani, nikaona ndege wa porini wanaruka kutoka kwenye tawi, wanapanda, yaani wanapanda kutupita. Nikamwaza Noella na kiapo changu. Nitawaambia kwa kweli jambo linalonitia hofu mpaka leo: kwa kitambo kidogo nilipima yote mawili, kumkwaza baba yake au kuingia mitini, na niliona yana uzito sawa.

Halafu mkono wangu ukaenda wenyewe. Niliweka kiganja juu ya mkono wa baba mkwe wangu, mkono mtupu juu ya mkono mtupu, nikasukuma manete mpaka mwisho. Nikamwangalia usoni. Nikasema, "Papa, haiko ngombe. Iko mbuzi. Panda."

Alinigeukia. Sijui alikuwa anamtazama nani. Nilivuta usukani kwa mkono wa pili, injini zikapiga kelele, Pasta akarudi kwenye bia zake bila kupenda, na chini yetu kitu kikakwaruza kwa muda mrefu, kama mtu anaburuta ufagio sakafuni. Tukapita juu ya barabara, juu ya malori, juu ya mbuzi, ambao hawakuamka. Tukazunguka. Mara ya pili nilitua mimi, kwenye kipande cha lami kilichobaki mbele ya mbuzi. Komanda alikuwa ameweka mikono yote miwili magotini, anaangalia mbele mpaka injini zikazimika.

Tuliposhuka tulikuta magurudumu yamejaa matawi na majani mabichi. Ndipo mbuzi wakaamka. Walikuja mmoja mmoja, wakazunguka ndege, wakaanza kula majani kwenye magurudumu. Komanda alisimama karibu nao. Mmoja aliegemea mguu wake. Alimwangalia mbuzi yule kwa makini, kichwa mpaka mkia, akasema, "Kwa kweli iko kadogo."

Mama Furaha alifika na filimbi yake shingoni. Hakuogopa mkwe wa mtu. "Papa Komanda, leo ulitaka kutua mu migomba?"

"Mama," akasema Komanda, "uko na matela?"

Alikuwa nalo godoro. Akalitandika barazani, Komanda akavua viatu, akalala. Na hapo Walikale ikapata tatizo. Ndege ilikuwa katikati ya barabara kuu, na sehemu yetu ya kuegeshea ilikuwa imezibwa na lori lililovunjika ekseli. Patroni alikuwa hataki ndege isukumwe bila Komanda kuwepo. Kwa hiyo malori yakapanga foleni upande huu, yakapanga foleni upande ule, na yote yalimsubiri mtu mmoja aamke. Madereva wakaja kulalamika. Pasta akawahadithia, kwa kirefu, na ishara za mikono. Madereva wakaenda kimya kutazama matawi kwenye magurudumu, wakarudi wakisema kwa sauti ya chini alale tu. Mtu wa utawala akatuma kuuliza ni lini njia itafunguliwa. Akajibiwa kwamba Papa amelala, naye akatuma mto. Patroni akapiga simu kutoka Goma akifoka anataka rotasio yake. Mama Furaha aliichukua simu mkononi mwangu, akasema, "Papa iko nalala. Na weye ulale," akaikata. Mtu akianza kuongea kwa nguvu, foleni nzima ilimwambia nyamaza. Walitandika mikeka chini ya malori yao na kupika ugali wa muhogo, na barabara kuu ikalala pamoja na Komanda mpaka kesho yake.

Hiyo ndiyo siku pekee katika maisha yangu niliyoona watu wakiuheshimu usingizi wa rubani kama inavyotakiwa. Nyinyi mna karatasi zinazosema masaa ya kupumzika. Karatasi ni nzuri. Lakini Patroni akikupigia simu, utakuwa peke yako na karatasi yako, hutakuwa na Mama Furaha. Jifunzeni kukata simu.

Turudi kwenye shida yangu. Pasta alihubiri Jumapili ile, na hakuhubiri alichokuwa amekiandaa. Habari ikafika Kashebere kabla yetu, ikapanda Masisi, ikaingia Burungu: kijana amemgusa mkwe mkono, amemkazia macho, amemwamuru panda. Komanda mwenyewe alikuwa hajasema neno. Tuliendelea kufanya kazi pamoja, na mfuko haukutumwa tena neno, kwa sababu tulikuwa tunanyamaza tu. Noella alilia. Aliniambia, "Ulifanya vizuri," halafu akaniambia, "Umeniharibia," na yote mawili yalikuwa sawa.

Siku ya kikao mjomba Biriko alileta mbuzi wake Kashebere, amewaosha. Watu wa Burungu walikaa upande wao kwenye mabenchi ya shule. Kaka yake Komanda, msemaji wao, alisimama akaeleza makosa yangu moja baada ya lingine, kwa uchungu, na akamaliza akisema kwamba juu ya makosa hayo yote bado tunawaletea mbuzi. Mimi nilikuwa naangalia chini. Nilijua imekwisha, na nilikuwa natafuta jinsi ya kuondoka bila kumwona Noella, ambaye alikuwa mlangoni na wanawake.

Komanda akasimama. Akatoka kwenye mabenchi, akavuka barabara, akaanza kupanda kilima kilichoko nyuma ya soko. Watu wakaangaliana. Kaka yake akamwita, hakugeuka. Alipanda polepole katikati ya mihogo, na kila akifika mahali aligeuka, akaweka mkono juu ya macho, akawatazama mbuzi, akatikisa kichwa, akapanda tena. Tulimsubiri. Mwishowe alisimama karibu na kilele, mdogo kabisa, akatazama kwa muda mrefu kuliko mara zote, akaita kwa sauti iliyofika mpaka sokoni:

"Kuanzia hapa njo ngombe! Muandike ngombe!"

Aliporudi alikuwa amechoka na viatu vimejaa udongo. Kaka yake akamuuliza na ile fidia ya kumgusa mkwe, itakuwaje. Komanda akasema fidia ipo. Mkwe aliyeambiwa yuko chini na hakusikia, ndiye anayelipa. Akamtoa yule ndama, ndama aliyemkosesha usingizi wake wote, na mbele ya pande zote mbili akasema ni wa Noella na mimi. Mjomba Biriko akasema ndama atakufa kwa upweke msituni. Watu wote wakamwambia akae chini.

Tangu siku hiyo, tukikaa ndegeni, Komanda aliweka sheria kabla ya kuwasha injini. Ardhini yeye ni mkwe wangu, ninyamaze, nile kwangu. Mlango ukifungwa, niseme. Na alinifundisha jinsi ya kusema, nami nawapa hivyohivyo. Usianze na samahani. Usianze na kama sijakosea mzee. Usiulize swali wakati unajua jibu. Mwite kwa jina analosikia haraka, mwambie kilichopo, mwambie la kufanya. Papa, tuko chini, panda. Akikasirika, mtapatana mkishatua.

Najua ndege zenu za leo zina sauti ya mashine inayopiga kelele ardhi ikikaribia. Nimeisikia. Ni sauti kali, haina mkwe, haina mjomba, haisubiri mahari. Naipenda. Lakini nimewahi kumwona rubani aliyechoka akinyoosha kidole akaizima kwa kuwa inamsumbua, kama mnavyozima simu asubuhi. Msaidizi wake alikuwa kijana mwenye heshima sana. Alikuwa anaangalia nje dirishani. Siku hiyo mlima ulikuwa na huruma, na wingu lilifunguka kwa wakati; si kila siku litafunguka.

Komanda sasa ni mzee kabisa, na macho yamemwisha. Nikienda Burungu namkuta amekaa kwenye kiti chake mbele ya nyumba, ameelekea malisho ambayo hayaoni tena vizuri. Wajukuu wake, watoto wangu, wamemzoea na wanamdanganya. Akiuliza ng'ombe wangapi wamerudi wanamtajia yeyote. Mimi sijawahi kumdanganya. Nakaa karibu naye, bega kwa bega, na shangazi mwenye kitenge alishakufa, hakuna wa kushika kichwa.

Safari ya mwisho jua lilikuwa zuri, na kulikuwa na wanyama kwenye mteremko. Akanyoosha shingo, akakunja uso, akatazama sana.

"Kopi," akasema, "ile njo ngombe ao mbuzi?"

Nilijua anachotaka kuona. Nikaangalia vizuri kwanza.

"Iko mbuzi, Papa."

Akatikisa kichwa taratibu.

"Basi tuko chini," akasema, akanipa mikono yake yote miwili. "Panda."

Nikamshika, nikamwinua, tukaingia ndani kula.